Siku Niliyomwongezea Mwigizaji Mke wa Pili

Nianze kwa kukiri, kwa kuwa mtaa wa Malvern nzima hapa Johannesburg wanajua na Troyeville wameshasimuliwa: mimi ndiye yule mtu aliyesimama mbele ya ukumbi wa kanisa, kipaza sauti mkononi, akampa mwigizaji wa watu mke wa pili ambaye hakuwahi kuwa naye. Mwigizaji mwenyewe alishakufa zamani huko California na hawezi kunishtaki. Tatizo ni kwamba safu ya pili alikuwa ameketi mwanamume mwingine, mzima wa afya, mwenye masharubu kama ya yule marehemu na pete mfukoni, na maneno yangu yakampata yeye. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa namna nyingi ili nionekane nina akili kidogo. Haijawezekana.

Jina la filamu silitaji, wala la mwigizaji, maana nimeshamchafua vya kutosha. Ilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe, ya enzi zile ambazo waigizaji wa Hollywood walivuta sigara hata wakiwa wamelazwa hospitali. Mimi filamu zenyewe sizipendi sana. Ninachopenda ni yaliyofichwa nyuma yake: mabosi wa kampuni za filamu walivyowabadilisha waigizaji majina, wakawang'oa meno na kuwapachika mengine, wakawachagulia wa kula naye chakula mbele ya wapiga picha, wakazificha mimba na kuzika kesi. Vitabu vya habari hizo navinunua mitumba, ninavyo rafu mbili, na mke wangu Zuhura anaviita vitabu vyangu vya umbea vyenye jalada gumu. (Nilisoma chuo kikuu, nikaandika tasnifu juu ya ushairi, na hapa ndipo nilipofikia.)

Jambo la pili mnalopaswa kulijua ni kwamba ujanani, nikiwa Tanga na sina kazi, nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Wa umri wangu wanakumbuka: televisheni moja, viti vya mbao, sauti ya filamu inapunguzwa, na jamaa mmoja anakaa pembeni na kipaza sauti akiwaeleza watu mzungu amesema nini. Nusu ya maneno nilikuwa siyapati, na hayo nilikuwa nayatunga. Hakuna aliyelalamika hata siku moja, kwa sababu kwenye lile banda Kiingereza nilikuwa nacho mimi peke yangu, tena kidogo. Watu walikuja kumsikiliza mtafsiri kuliko kuiangalia filamu. Nikatoka pale nikiamini kwamba mtafsiri mzuri ni yule anayeongeza chumvi, na imani hiyo nikaihamishia Johannesburg pamoja na mabegi yangu.

Sasa Papa Ilunga. Huyu ni fundi cherehani wa Lubumbashi mwenye duka lake Jules Street, mjane, amepita sitini. Alipokuwa mtoto mapadri waliwaonyesha ile filamu kwenye shuka lililotundikwa ukutani, na tangu siku hiyo akaamua atakuwa yule mwanamume. Akafuga masharubu membamba kama yake na akakata makoti yake yote kwa kuangalia koti lake, mabega mapana, kiuno kimebana. Wote tulimwita Papa Star. Katika miaka minane niliyomfahamu sikuwahi kumwona bila koti, hata Desemba, jua limesimama kichwani, yeye anapima wateja na koti lake, futi ya kupimia shingoni.

Milango miwili kutoka kwake ni saluni ya Mama Furaha, mama wa Bukavu, naye mjane. Mumewe alipofariki, alitokea mama mwingine msibani kutoka Pretoria na watoto wawili wenye sura ya marehemu, kama vile wametolewa fotokopi. Mama Furaha aliwapa viti, akawapa chakula, akamzika mume wake, na baada ya hapo neno la mwanamume yeyote likawa kwake ni sawa na risiti isiyo na muhuri. Papa Ilunga alimpelekea chai kila asubuhi kwa miaka miwili kabla hajaruhusiwa kukaa chini kuinywa naye. Haya yote nilikuwa nayajua. Naomba niliandike tena ili msije mkanitetea: nilikuwa nayajua.

Julai 2015 Papa Ilunga akanijia nyumbani Troyeville, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Mwalimu," akasema (wote huniita Mwalimu, ingawa niliacha kufundisha siku nyingi), "ile filme nimeipata kule Rosettenville. Lakini iko mu anglais, bamama habatasikia kitu. Weye njo unajua anglais ya bale batu ba zamani." ("Njo" yao ni "ndiyo" yetu, na anglais ni Kiingereza.)

Mpango wake ulikuwa huu: Jumapili baada ya ibada filamu itaonyeshwa ukumbini, watu wote waalikwe, na mwishoni, pale ambapo yule mwanamume anamposa yule mwanamke kwenye kituo cha treni, mimi ninyamaze na yeye asimame amwombe Mama Furaha. Binti wa Mama Furaha, aliyekuwa chuo mwaka wa pili, alikuwa ameshaombwa ruhusa na ameshaitoa. Tuliojua tulikuwa watatu.

"Weye kazi yako ni kusema yenye banasema," akaniambia mlangoni. "Na kunyamaza."

Kazi mbili tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumapili ukumbi ukajaa. Pazia zimefungwa, projekta imewekwa juu ya meza ya Ekaristi (kwa ruhusa), jikoni kuna mabeseni mawili ya mikate ya mafuta aliyoikaanga Mama Furaha mwenyewe, na dirisha la kupitishia chakula liko wazi ili harufu itufikie. Walikuwepo hata Waislamu wetu wa Tanzania, wakiongozwa na Seif, Mzanzibari muuza viatu, aliyesema ukumbi ni wa kanisa lakini filamu haina dini. Mama Furaha alikaa safu ya kwanza, Papa Ilunga nyuma yake, amevaa koti jipya la kijivu na kila baada ya dakika anagusa mfuko.

Dakika ishirini za mwanzo nilifanya kazi yangu kwa uaminifu. Tatizo filamu za zamani zinaanza polepole, watu wanaingia chumbani, wanavua kofia, wanauliza habari za shangazi. Seif akapiga mwayo uliosikika mpaka Turffontein.

"Mwalimu," akasema, "hawa jamaa wana msiba? Mbona kimya hivi."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Theluji ilikuwa inaanguka dirishani kwenye filamu, nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba theluji hiyo mnayoiona si theluji, enzi zile walitumia vumbi la asbesto, hii hii ya mabati ya paa, na waigizaji walikuwa wanaivuta siku nzima.

Ukumbi ukaamka. "Asbesto?" wakaulizana. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi migodini akakohoa kwa mshikamano.

Nikaona nimewapata. Nikawaambia kwamba huyu dada mrembo hapa ana mimba ya miezi sita, kampuni imeificha, ndiyo maana kila mara anasimama nyuma ya kitu. Basi kina mama wakaacha kufuata hadithi wakaanza kuhesabu fanicha. Kila dada akisogea, safu ya mbele inasema pamoja: "Kochi. Chungu ya maua. Mwavuli." Walipobusiana nikawaambia kwamba hawa wawili walichukiana, na dada kabla ya kila busu alitafuna kitunguu kibichi makusudi, na wanaume wakacheka mpaka mchungaji akacheka. Jamani, ilikuwa tamu. Nilikuwa nimerudi Tanga, nina miaka ishirini na tatu, nina nywele.

Kisha yule mwanamume akajaza skrini peke yake, akashika masharubu yake kwa vidole viwili, vile vile kama Papa Ilunga afanyavyo akimfikiria mteja, na ukumbi ukageuka kumtazama Papa Ilunga kwa upendo, naye akainamisha kichwa kama mtu anayepokea heshima yake. Na mimi, mwenye rafu mbili za vitabu, nikasema:

"Huyu naye mnayemwona ametulia hivi, alikuwa na nyumba mbili. Mke mmoja mjini, mwingine mji wa pili, mwendo wa saa nne kwa treni, watoto huku na watoto kule, kampuni inajua na inalipa magazeti yanyamaze. Wake zake hawakujuana mpaka siku ya kumzika. Walikutana msibani."

Neno msibani lilipotoka ndipo nikalisikia. Nililiona linakwenda, kama mtu anavyoiona sahani ikiteleza kutoka mezani, huku mkono wake uko mbali.

Seif, ambaye hakujua lolote la Pretoria, akamalizia kazi. "Papa Star," akaita kutoka nyuma, "na wewe wa pili umemficha wapi? Kolwezi, kule kwenu?"

Watu wakacheka. Papa Ilunga akajaribu kucheka nao, lakini uso ulichelewa, kicheko kikafika wenzake wameshamaliza, na kwa mtu anayetazamwa hiyo inafanana sana na hatia. Mama Furaha hakugeuka nyuma. Akachukua mkoba wake, akainuka, akaingia jikoni, na tukasikia beseni likisogezwa.

Sasa mtu mwenye busara angesema, ndugu zangu, samahani, nimepotoka, turudi kwenye filamu. Mimi nikaamua kulirekebisha jambo kwa kutumia filamu yenyewe. Skrini ilimwonyesha yule mwanamume amemsogelea mhudumu wa hoteli, anamwambia jambo kwa unyenyekevu, na sauti ilikuwa chini, na mimi nina kipaza sauti. Nikatafsiri hivi, kwa hisia, nikiwa nimegeukia dirisha la jikoni:

"Anasema: Ndugu yangu, watu wananisingizia. Mimi nina nyumba moja tu, moyo mmoja tu, na mwanamke mmoja tu niliyempenda katika dunia hii, na mbele ya Mungu sijawahi—"

Pembeni mtu akaguna, kisha akacheka, kisha akajaribu kujizuia akashindwa. Alikuwa Furaha, yule binti wa chuo.

"Sori, Anko," akasema, "hajasema hivyo. Ameomba kiberiti."

Na kweli, mhudumu wa hoteli akampa kiberiti. Akawasha sigara. Skrini nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka, nikiwa nimechelewa miaka kama thelathini, kwamba nilikuwa sipo Tanga. Robo ya ule ukumbi walikuwa vijana waliozaliwa au kukulia hapa Joburg, wanaokisikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza au Kizulu, na Kiingereza cha wale wazungu wa zamani walikisikia hata sauti ikiwa chini. Muda wote nilipodhani wanachekea vitunguu, walikuwa wananichekea mimi.

"Na mimba je?" mama mmoja akauliza, kama mtu aliyeibiwa. "Ile fanicha yote tumehesabu bure?"

"Na asbesto?" akauliza mzee wa migodini.

Asbesto ilikuwa kweli. Mimba ilikuwa kweli. Vitunguu vilikuwa kweli, nilivisoma kwenye vitabu viwili tofauti. Nikafungua mdomo niseme hivyo na umeme ukakatika. Saa kumi kamili, mgawo wa umeme, ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni tangu Alhamisi na hakuna aliyeitazama. Kipaza sauti kikafa mkononi mwangu, mtu akafungua pazia, na mwanga wote wa alasiri ya Julai ukaniangukia mimi.

"Eish, Anko," akasema Furaha, ambaye sasa alikuwa anasoma simu yake na hacheki tena. "Wa wake wawili siyo huyu. Ni mwingine. Hata hawafanani. Huyu alioa mara moja tu."

Akanionyesha. Miwani nilikuwa nayo, nikasoma, na ilikuwa kweli: nilikuwa nimechanganya waigizaji wawili, sura mbili za vitabu viwili vilivyokaa bega kwa bega kwenye rafu yangu. Nikasema, bila kipaza sauti, kwamba nimekosea na ninaomba radhi kwa marehemu na kwa waliopo. Nadhani safu tatu walinisikia.

"Alioa mara moja," mchungaji akarudia kwa sauti, akitaka kusaidia, kuelekea jikoni.

"Ndiyo," akasema Furaha, akiendelea kusoma. "Mke akafa, hakuoa tena mpaka kufa." Akamtazama Papa Ilunga. "Lakini hiyo si lazima."

Papa Ilunga akasimama. Nilidhani anakuja kunipiga, na ningempa nafasi. Akanipita, akaingia jikoni, na kwa kuwa dirisha la chakula lilikuwa wazi na hakuna umeme wala sauti nyingine yoyote, watu mia moja tuliona na kusikia yote, ingawa kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama Furaha," akasema, "mi sina bibi mwingine."

"Na ule wangu alisemaga vile vile," akajibu Mama Furaha. Alikuwa anapanga mikate, anaihamisha kutoka beseni hili kwenda lile bila sababu.

Papa Ilunga akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, na akalivua.

Sijui kama naweza kuwaeleza. Mabega yalibaki na koti. Yale mabega mapana yote yalikuwa pamba na kitambaa kigumu, na chini yake alikuwepo mzee mwembamba wa mabega yaliyoinama kwa miaka arobaini ya cherehani, na shati lenye kiraka cha rangi nyingine kiwikoni. Akalilaza koti juu ya meza, akatoa vitu mifukoni na kuvipanga mbele ya mikate: futi ya kupimia, chaki, vidonge vya presha, simu.

"Hii njo yote," akasema. "Shika simu. Yaya wangu, dada mukubwa, iko Lubumbashi, jina lake la kwanza mule. Muulize yenye unataka."

Nilifikiri atakataa. Mama Furaha akajifuta mafuta mikononi, akaichukua simu, akapiga, akaiweka sauti ya nje. Ikaita muda mrefu. Kisha sauti ya mama mzee.

"Ilunga?"

"Hapana, mama. Miye nauliza tu. Ilunga iko na bibi wangapi?"

"Bibi?" ile sauti ikasema. "Ule? Hata mumoja hana. Tunamulalamikia kila siku aoe, tumechoka. Weye ni nani?"

"Miye ni Mama Furaha."

"Ah. Njo weye. Tunakungoja tangu miaka mbili."

Mama Furaha akaagana naye kwa adabu, akaiweka simu mahali pake, sawasawa kati ya chaki na vidonge. Akamtazama mzee aliyesimama mbele yake na shati lenye kiraka.

"Vaa koti, Papa," akasema. "Baridi itakukamata."

Alipoliinua koti amvalishe, pete ikadondoka kutoka mfuko wa ndani, ambao ndio pekee hakuumwaga, ikazunguka mezani na kulala kwenye mkate.

"Na hii?"

"Hiyo ilikuwa ya mwisho wa filme."

Mama Furaha akaitoa, akaipangusa mafuta, akamrudishia. "Basi tungoje mwisho," akasema. "Lakini Furaha njo atatafsiri."

Umeme ulirudi baada ya saa mbili na hakuna aliyeondoka. Furaha akachukua kipaza sauti, akatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza chenye "robot" na "sharp" za mitaa ya Joburg ndani, akikwama anasema "sijui hii inaitwaje, ni kama huzuni lakini ndogo", na ukumbi ukamsikiliza kimya kuliko nilivyowahi kusikilizwa mimi. Mimi nilikuwa jikoni nikipitisha mikate dirishani. Kwa hiyo ile sehemu ya kituo cha treni, ambayo ndiyo niliyoitiwa, niliiona kupitia dirisha, juu ya vichwa vya watu: Papa Ilunga amesimama, Mama Furaha amekaa, amemwacha aseme mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa mara moja kukubali, kama anayeidhinisha staili ya nywele.

Walioana Desemba. Mwaliko wangu uliletwa kwa mkono na Furaha, pamoja na ujumbe wa mdomo kwamba nakaribishwa sana na kipaza sauti kina mtu wake. Mpaka leo nikipita Jules Street, wauza simu, wasusi, hata Seif na viatu vyake, mmoja lazima aniite: "Mwalimu, una kiberiti?"

Nimeapa na naandika hapa mnishike nacho. Habari za waliokufa sizisemi tena mbele za watu kabla sijafungua kitabu kuhakikisha ni maiti gani. Na Zuhura akiniuliza kwenye televisheni huyo mtu amesema nini, namwambia nilichosikia, na nisiposikia namwambia sikusikia, jambo ambalo anasema limefanya jioni zetu kuwa fupi sana.

Suti niliyoivaa harusini alinishonea Papa Ilunga, kanikatia mabega kama yake, akakataa kabisa nimshukuru. Nilipofika ukumbini nikatia mkono mfuko wa ndani nitoe miwani, nikakuta kitu kigumu. Kilikuwa kiberiti, kipya, kimejaa. Nikainua macho, naye kutoka meza ya bwana harusi alikuwa ananitazama, vidole viwili kwenye masharubu.